Mishale ya Chokaa

Waendesha pikipiki ndio waliompa jina la Sista Spiriti. Spiriti aliyowapaka kwenye vidonda ilichoma kisha ikakauka, ila maneno aliyowapa pamoja nayo mtu alikwenda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Alikuwa nesi na mkunga wa zahanati ile kwa miaka ishirini na miwili. Asubuhi alifunga vidonda katika chumba kidogo chenye dirisha la mbao za kijani linalotazama uani. Mchana alizunguka majumbani kuwaangalia wazazi waliojifungua karibuni, kupima joto, kutazama vitovu vya watoto na kuwatimua wageni waliojazana chumbani kwa mzazi bila haya.

Kudharau alijua, na hakubagua. Alimdharau daktari mkuu kwa sababu alijikuna sikio kwa kalamu ileile aliyoandikia dawa. Alimdharau mumewe, fundi cherehani, kwa sababu alipima nguo mara tatu na bado ikabana. Lakini dharau yenyewe hasa, ile inayotoka chini kabisa ya moyo, aliwawekea waendesha pikipiki.

"Mungu kakupa miguu miwili," alimwambia mmoja wao huku akimchokonoa changarawe gotini, "wewe ukaona haikutoshi, ukaongeza magurudumu. Haya, sasa goti liko wapi? Tulia! Barabarani hukulia, unakuja kulia kwangu?"

Siku yake ya raha ilikuwa Jumamosi. Ua wa zahanati ulikuwa na sakafu pana ya saruji, na daktari mkuu alimruhusu mzee mmoja kufundishia pikipiki pale. Mzee huyo alikuwa amepeleka barua za posta kwa pikipiki kwa miaka thelathini, na baada ya kustaafu alifundisha jambo moja tu, nalo ni kwenda polepole. Watu walimwita Kobe, naye akaitika. Alisema kukimbia hakuhitaji ufundi, kwa kuwa pikipiki ikikimbia inajisimamisha yenyewe. Kazi ni kwenda taratibu kuliko mtu anayetembea, bila kutua mguu. Alilaza kamba mbili sakafuni, urefu wa hatua kumi na tano, na mwisho wake akasimamisha pipa la zamani la mafuta. Mwanafunzi alitakiwa kupita katikati ya kamba kwa nusu dakika nzima au zaidi, alizunguke pipa, kisha arudi alikotoka.

Spiriti aliona huo ni upumbavu uliopitiliza. Mtu mzima na mvi zake anawafundisha watu kuchelewa! Basi kila Jumamosi alisogeza kigoda dirishani, akapakata bakuli la pamba, na huku akiviringa vibonge vya pamba alirusha kejeli zake nje.

"Taratibu, baba, usije ukaua sisimizi!"

"Huyo naye kalala na pikipiki. Mleteeni shuka!"

Na wanafunzi wa Kobe walianguka kweli, tena wengi, tena palepale kwenye pipa, halafu wakachechemea hadi mlangoni kwake kupakwa dawa. Uhondo huo aliula miaka sita.

Kisha gari la zahanati likafa. Daktari mkuu aliahidi jingine, akaahidi tena, na baada ya miezi mitatu ikaja pikipiki moja. Aliwaita manesi wote ukumbini, kalamu ikiwa sikioni.

"Atakayezungukia wazazi atatumia hii," alisema. "Ila kule vichochoroni watoto wanachezea mlangoni na vyungu viko motoni nje. Mkaguzi wa leseni hataki mtu anayejua kukimbia, anataka mtu anayejua kwenda pole. Atatumia kamba za Kobe na lile pipa. Mguu ukigusa chini umeshindwa."

Nesi mpya, binti aliyekulia katika nyumba ya kaka watano na pikipiki tatu, alijaribu siku hiyohiyo. Alipita kwenye kamba ametulia kama mtu aliyekaa kwenye kochi la kwao. Akazunguka pipa, akarudi, akashuka, akajifuta vumbi viatuni.

"Sista, wewe umri umekwenda," daktari mkuu akamwambia Spiriti kwa sauti ya huruma, jambo lililomuudhi zaidi. "Baki na vidonda vyako. Wazazi tumwachie mdogo wako."

Spiriti alihisi moyo umemshuka mpaka kwenye soli za viatu. Katika dunia nzima wazazi wale ndio watu pekee ambao hakuwahi kuwadharau. Akifika mlangoni kwa mzazi mdomo wake ulilainika wenyewe. Alimshika mwanamke mkono, akamwita mwanangu, akamwambia maziwa yatatoka, usiogope, mimi nipo. Hakuna mwendesha pikipiki ambaye angeliamini hilo hata kwa kiapo. Sasa anyang'anywe wazazi, abaki na magoti ya wajinga tangu asubuhi mpaka jioni? Afadhali aache kazi.

"Nipe wiki tatu," alisema, akatoka kabla hajajibiwa.

Alimkuta Kobe uani anakunja kamba zake.

"We Kobe. Nataka unifundishe huu ujinga wako."

Kobe hakuinua uso. "Mwaka juzi ulinishona goti nyuzi saba. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Sikumbuki. Nasema mengi."

"Ulisema mtu anayeangushwa na pikipiki iliyosimama afundishwe kwanza kukaa kwenye kiti."

"Sikukosea."

"Njoo kesho saa kumi jioni," Kobe alisema. "Vaa suruali nzito."

Suruali nzito alishona mumewe, kwa kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya mtu, kitambaa cha kochi chenye maua mekundu makubwa. Magotini alitia pamba. Spiriti alijitazama kiooni, akasonya mpaka mate yakakauka.

"Baba watoto, hii ni suruali au sebule?"

"Mama watoto, we si unataka kuanguka? Basi anguka kwa starehe."

Alianguka siku ya kwanza, dakika ya kwanza. Aliachia klachi yote kwa mkupuo, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, na wote wawili wakalala chini. Akangoja kuinuliwa. Badala yake Kobe alileta kopo la chokaa lililobaki walipopaka kuta za zahanati, akachovya brashi, akachora mstari sakafuni, kama alivyowachorea wanafunzi wake wote, kufuata pikipiki ilivyolala, tangu gurudumu la nyuma hadi la mbele. Mbele akatia kichwa cha mshale. Pembeni akaandika moja.

"Na mimi unanichora kama maiti?"

"Maiti akishaanguka basi. Wewe bado."

"Hebu niinulie hii takataka."

"Inua mwenyewe. Ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani na kiti, usukume kwa mapaja. Huko vichochoroni mimi sitakuwepo."

Aliinua, huku akimtaja Kobe kwa majina ambayo hayakuwa ya kobe. Mara ya pili alikamata breki ya mbele usukani ukiwa umepinda, pikipiki ikajilaza papo hapo. Mara ya tatu alikanyaga breki ya nyuma kama anaua mende, wakati ilitakiwa kubembelezwa. Mara ya nne alikodolea macho gurudumu la mbele kama linalotaka kumtoroka, na likamtoroka. Kila mara Kobe alichora mshale, akaandika namba, akauliza, "Hapo umejifunza nini?" Na kila mara Spiriti alijibu kwa kusonya, kisha akajibu sawasawa.

Mwisho wa wiki ya kwanza kamba alizimudu. Klachi nusu, mafuta kidogo, mguu wa kulia ukiipapasa breki ya nyuma. Sekunde ishirini na tano, ishirini na nane, thelathini na moja. Tayari alishaanza kuwadharau watu waliopita barabarani kwa kasi. "Tazama lile," alimwambia mumewe. "Linakimbia kwa sababu likipunguza litaanguka."

Balaa lilikuwa pipa. Alifika hapo vizuri, akaanza kulizunguka kwa kushoto, na katikati ya mzunguko pikipiki ikamlalia ubavuni. Mshale wa tano. Kesho yake wa sita na wa saba. Klachi ilikuwa sawa, breki sawa, mafuta sawa, na bado akaanguka wa nane, wa tisa, wa kumi, sakafu ikajaa chokaa. Wagonjwa waliokuja asubuhi walizipita zile namba wakihesabu kwa midomo. Wazee wawili walibishana iwapo ni mchezo wa watoto au ramani ya mabomba.

Kila alipoanguka aliangukia ufunguo wa chumba cha vidonda, aliouweka mfuko wa kushoto.

"Mama watoto, una chapa ya ufunguo pajani," mumewe alisema akimkanda kwa kitambaa cha moto. "Meno yake yote matatu yanahesabika. Si uuhamishie mfuko wa kulia?"

"Mfuko wa kulia ulishona wa kutilia kidole. Pima tena, fundi!"

Zilipobaki siku tatu mkaguzi aje, mishale ilikuwa kumi na tisa. Spiriti alishalilaumu pipa, akalaumu sakafu, akalaumu matairi, akamlaumu Kobe na ukoo wake wote. Jioni hiyo alikaa chini palepale alipoanguka, suruali ya maua ikiwa nyeupe kwa chokaa, na kwa mara ya kwanza hakusonya.

"Kuna mtu ananichungulia," alisema. "Kila nikifika hapa namhisi. Ni yule binti. Anajificha mahali ananicheka, anataka wazazi wangu."

Kobe aliweka brashi chini. "Panda ngazi ya tangi la maji," alisema. "Ufike juu kabisa, utazame ua."

"Ili nianguke na huko?"

"Panda, Sista."

Alipanda akinung'unika. Juu aligeuka, akatazama chini, na kunung'unika kukamwishia mdomoni. Mishale minne ya kwanza ilielekea kila upande kama kuku waliotishwa. Ile kumi na mitano mingine ililala sambamba kando ya pipa, vichwa vyote vikielekea upande mmoja. Na chini yake palikuwa na mishale mingine, ya wanafunzi wa zamani, iliyofifia kiasi kwamba ukiwa chini huioni. Mingi mno. Nayo ilielekea hukohuko. Alifuata vichwa vyake kwa macho, akafika kwenye dirisha la mbao za kijani.

"Pipa nimelihamisha mara mbili," Kobe alisema kutoka chini. "Nilidhani sakafu ina mteremko. Nikamwaga maji, yakakaa palepale. Ndipo nikaelewa. Pikipiki ikienda polepole inafuata macho. Wanafunzi wangu wakifika kwenye pipa walikuwa wanatupa jicho dirishani, waone leo utasema nini."

"Na miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Spiriti alilijua jibu. Angecheka zaidi, na angeleta kigoda kirefu zaidi.

"Wale walikuwa wanakutazama wewe," Kobe aliendelea. "Wewe unamtazama nani?"

"Si nimekwambia ni yule binti! Yumo mle, leo namtoa kwa masikio!"

Aliteremka ngazi mbilimbili, akakata ua, akatia kichwa kwenye dirisha, ambalo aliliacha wazi siku zote ili harufu ya spiriti itoke. Aliona kigoda, bakuli la pamba na chupa. Akazunguka kwa ndani hadi mlangoni, akatikisa kitasa. Kumefungwa. Mkono ukaingia wenyewe mfuko wa kushoto, ukaukuta ufunguo, nao ulikuwa na joto la paja lake.

Alifungua, akaingia, akakaa kwenye kigoda. Pipa lilikaa katikati kabisa ya dirisha, kama vile limewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa hapo. Na akajua, bila kuambiwa na mtu, kile ambacho mtu huyo angesema kwa kila anguko. Bibi na suruali ya kochi, mleteeni na mito yake. Bibi huyu anatafuta nini chini, sindano? Maneno hayo alikuwa ameyasikia kila jioni kwa karibu majuma mawili, yote kumi na tano, tena kwa sauti anayoifahamu. Aliona aibu, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumsukumia lawama.

Kobe alisimama nje ya dirisha. "Yumo?"

"Yumo," Spiriti alisema.

"Mwambie atoke."

"Unadhani anasikia la mtu?" Aliuzungusha ufunguo kidoleni. Kisha akatamka neno ambalo hakuwahi kumpa mwendesha pikipiki yeyote. "Mwalimu, sasa nitazame wapi?"

"Unataka kwenda wapi?"

"Kwa wazazi wangu."

"Njia ya kwenda kwao inaanzia langoni. Ukifika kwenye pipa, geuza kichwa chote, kidevu kifike begani, utazame lango. Usimtazame mwingine, hata akiwa ndani ya kichwa chako."

Siku ya mtihani habari zilishaenea. Kila aliyewahi kuchomwa na ile spiriti alikuja: wapeleka mizigo, muuza mkaa, hata mmoja mwenye bandeji mpya aliyofungwa na Spiriti mwenyewe asubuhi ile. Walisimama ukutani wakisukumana kama wako harusini. Mkaguzi wa leseni, mama mkavu mwenye saa ya mkononi kubwa kuliko mkono wake, alipima kamba kwa hatua zake, akatikisa kichwa kukubali.

Spiriti alitoka na suruali yake ya maua. Watu wakaangua kicheko, naye akawangoja wamalize. Kisha akamwendea Kobe, akamkabidhi ufunguo.

"Wafungulie. Waingie wakae dirishani, mule ndani kuna nafasi."

"Una hakika, Sista?"

"Dirisha lenye wajinga wanane nitaliweza, Mwalimu. Lililonishinda ni lile tupu."

Wakaingia, wakajazana, vichwa vikabanana kwenye mbao za kijani. Spiriti akapanda, akawasha, akaachia klachi nusu. Kwenye kamba pikipiki ilijikokota, ikatetemeka, ikajikokota tena. Mpeleka mizigo mmoja akapaza sauti, "Taratibu, mama, usije ukaua sisimizi!" na dirisha zima likalipuka. Spiriti aliitambua kauli yake mwenyewe. Alipofika kwenye pipa shingo ilimwasha, ikimwomba aigeuze mara moja tu, amtambue aliyesema. Alikaza kidevu begani na kutazama lango. Mbele ya lango ilipita njia nyembamba, na mwisho wa njia hiyo kulikuwa na mzazi wa miaka kumi na tisa, mtoto wake ana siku nne, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa maziwa yatatoka.

Pikipiki ilizunguka pipa. Kwenye kamba za kurudia hata hakupumua.

"Sekunde thelathini na sita," mkaguzi alisema akiandika. "Mguu haukugusa. Umepita."

Dirishani mwenye bandeji akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Spiriti hakuwashukuru. Alifunga sanduku la vifaa nyuma ya kiti, akamwambia daktari mkuu atoe kalamu sikioni asije akaitia ndani ikabaki humo, akatoka langoni kwa mwendo ambao kuku walimpita.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye kigoda chake na bakuli la pamba. Kobe alikuwa na mwanafunzi mpya, muuza nyama, pande la mtu, tumbo limelalia tangi la mafuta. Alipita kwenye kamba akitokwa na jasho, akafika kwenye pipa, akayumba, akaenda chini pamoja na kila kitu. Na kabla hata hajajipapasa kama amevunjika, aliinua macho akatazama dirisha la kijani.

Spiriti alikuwa na neno tayari mdomoni. Lilikuwa zuri, refu, lenye utumbo na mizani ndani yake, pengine zuri kuliko yote ya miaka sita. Alilishikilia kwa meno. Akasimama, akavuta mbao za dirisha, akatia komeo. Ndipo akageuka, akaiambia chupa ya spiriti neno lote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata silabi.

Alipomaliza alifungua ufa mdogo akachungulia. Muuza nyama alikuwa ameshapanda tena na kulizunguka pipa, na maneno yote yale yalikuwa yamepotea bure.